Herufi za Kichina si picha: jinsi ubongo unavyozisoma

Tangu Kichina kianze kufundishwa kwa mpango katika vyuo vikuu vya kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kikitangulia kwa kufungua Taasisi ya Confucius mwaka 2005 na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafuata mwaka 2013, yapo madai matatu ambayo hayakosi kusikika kila maandishi ya lugha hiyo yanapotajwa. Dai la kwanza ni kwamba Kichina huandikwa kwa picha, na kwa hiyo msomaji wake hasomi bali hutazama. La pili linatokana na la kwanza: kwa kuwa ni picha, sauti haihusiki, macho huona umbo na akili hupokea maana moja kwa moja. La tatu ndilo linalotamkwa kwa uhakika mkubwa kuliko yote, kwamba Wachina husomea nusu ya kulia ya ubongo, ilhali sisi tunaoandika kwa a, b na ch tunasomea nusu ya kushoto.

Madai haya yanapobaki kuwa mazungumzo ya kupitisha muda hayamdhuru mtu. Yanapoingia darasani huleta hasara, kwa kuwa mwanafunzi aliyeaminishwa kwamba ubongo wake haukuumbwa kwa kazi hiyo hukata tamaa mapema, na yule aliyeambiwa akariri kila herufi kama mchoro unaojitegemea hutwikwa mzigo ambao hata Wachina wenyewe hawaubebi. Utafiti wa zaidi ya miaka arobaini umetupa majibu yaliyo bora kuliko madai hayo, na mengi yanaweza kuelezwa bila istilahi ngumu.

Kwanza tukubaliane kuhusu maneno. Katika makala hii, herufi ya Kichina ni alama moja inayokaa ndani ya mraba mmoja, kama 山, yenye maana ya mlima. Kwa kawaida alama hiyo husimamia silabi moja, na silabi hiyo huwa na maana yake. Hapo tayari kuna tofauti kubwa na herufi zetu, kwa sababu "m" au "k" ina sauti tu na haina maana yoyote. Herufi ya Kichina hujengwa kwa mistari ya kalamu, kuanzia mmoja hadi zaidi ya ishirini. Mistari hukusanyika kuwa vipande. Na vipande hupangwa ndani ya mraba, kushoto na kulia, juu na chini, au kimoja ndani ya kingine. Neno nalo ni jambo jingine tena, kwani maneno mengi ya Kichina cha leo yana herufi mbili: 火 ni moto, 车 ni gari, na zikikaa pamoja, 火车, ni garimoshi.

Orodha rasmi ya herufi sanifu iliyotolewa na serikali ya China mwaka 2013 ina herufi 8,105, na kati ya hizo 3,500 zimewekwa katika daraja la kwanza, yaani zile zinazohitajika kwa elimu ya msingi na matumizi ya kila siku. Idadi hiyo peke yake inatosha kutia shaka juu ya dai la picha. Mtu anayesoma gazeti kwa kasi ya kawaida hawezi kuwa anapekua maelfu ya michoro isiyohusiana. Lazima kuna mpangilio ambao ubongo wake unautumia, na mpangilio huo upo wazi kwa yeyote anayejua pa kutazama.

Ni kweli kwamba baadhi ya herufi zilianza kama michoro. 山 bado inaonyesha vilele vitatu, 木 ni mti wenye matawi na mizizi, na 林, miti miwili, ni msitu mdogo. Walimu hupenda kuanza na hizi kwa sababu zinavutia, na hapo ndipo mwanafunzi hupata picha isiyo sahihi ya lugha nzima, kwani herufi za namna hiyo ni chache sana. Xu Shen, mwanazuoni wa zama za Han, alipokamilisha kamusi yake karibu na mwaka 100 baada ya Kristo na kuchambua ndani yake herufi 9,353, tayari nyingi ya hizo zilikuwa zimeundwa kwa njia tofauti kabisa: kipande kimoja kinadokeza maana, na kingine kinadokeza sauti. Leo sehemu kubwa mno ya herufi zinazotumika ni za muundo huo.

Chukua herufi tatu: 河 ni mto, 湖 ni ziwa, 海 ni bahari. Zote zina upande wa kushoto alama ileile ya matone matatu, 氵, ambayo ni kipande cha maji. Asiyejua mojawapo ya herufi hizo atabashiri angalau kwamba inahusu maji. Upande wa kulia kuna kipande cha sauti, na hapa uaminifu wake unapishana. Katika 湖, inayotamkwa hú, kipande cha kulia peke yake pia hutamkwa hú. Katika 河, inayotamkwa hé, kipande cha kulia hutamkwa kě, kwa hiyo sauti inakaribiana bila kulingana. Katika 海, inayotamkwa hǎi, kipande cha kulia leo hutamkwa měi, na msomaji akikifuata atapotea. Sababu ni kwamba vipande hivi vilichaguliwa zamani sana, na matamshi yameendelea kubadilika huku maandishi yakibaki vilevile. Miongoni mwa herufi za muundo huu zinazofundishwa katika shule za msingi za China, zile ambazo kipande cha sauti kinatoa matamshi sahihi kabisa hazifiki nusu. Kipande cha maana nacho hudanganya mara mojamoja: nyangumi, 鲸, ana kipande cha samaki, ingawa sayansi ya leo inamweka pamoja na wanyama wanaonyonyesha.

Kwa hiyo ubongo wa msomaji wa Kichina unakabiliana na alama zenye madokezo mawili, yote mawili ya msaada na yote mawili yasiyoaminika kikamilifu. Swali la kuvutia ni namna unavyoyatumia kwa kasi inayoushinda uwezo wetu wa kujichunguza.

Safari huanzia jichoni. Macho ya msomaji hayatiririki juu ya mstari. Yanaruka, yanatua kwa takriban robo ya sekunde, kisha yanaruka tena. Katika Kichina kila mruko huvuka herufi mbili au tatu hivi, na katika kila kituo msomaji hupata taarifa za maana kutoka herufi moja iliyo kushoto kwa pale anapotazama na mbili au tatu zilizo kulia. Msomaji wa Kiingereza huona mbali zaidi kwa hesabu ya herufi, kama kumi na nne au kumi na tano upande wa kulia, lakini ukikumbuka kwamba herufi moja ya Kichina hubeba silabi nzima pamoja na maana yake, utaona kwamba wasomaji hawa wawili wanavuna kiasi kinachokaribiana.

Kutoka kwenye retina taarifa husafiri hadi nyuma kabisa ya kichwa, mahali ubongo unapopokea mwanga, pembe na mikunjo. Hapo bado hakuna kusoma. 山 na jani la mti hupokewa kwa namna moja. Kusoma huanza hatua inayofuata, katika ukanda ulio chini ya ubongo upande wa kushoto, kidogo nyuma ya sikio. Mwaka 1892 daktari Mfaransa Jules Dejerine alieleza habari za mgonjwa wa Paris ambaye, baada ya kupatwa na kiharusi, aliweza kuzungumza, kuona na hata kuandika, lakini hakuweza kusoma, ikiwa ni pamoja na yale aliyokuwa ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Alipofariki, uharibifu ulionekana katika sehemu ya nyuma ya nusu ya kushoto ya ubongo na katika njia inayoziunganisha nusu mbili. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Laurent Cohen, Stanislas Dehaene na wenzao walitumia mashine za MRI, zinazopiga picha za ubongo ukiwa kazini, kuonyesha kwamba ndani ya ukanda huo kuna eneo dogo linaloamka kila msomaji anapoona maandishi anayoyajua. Tuliite eneo la umbo la maandishi. Mtu hazaliwi nalo likiwa tayari kwa kazi hiyo; kabla ya kujifunza kusoma, sehemu hiyo hushughulika na kutambua vitu na nyuso, na ni mafunzo yanayoigawia kazi mpya.

Msomaji wa Kichina hutumia eneo hilohilo. Mwaka 2005 Bolger, Perfetti na Schneider walikusanya tafiti za picha za ubongo zilizofanywa kwa wasomaji wa lugha za Ulaya, Kichina na Kijapani, wakakuta kwamba maandishi haya yasiyofanana kwa sura yanakutana mahali pamoja, katika ukanda uleule wa kushoto. Vipimo vya umeme wa ubongo vinaonyesha pia kwamba tofauti kati ya maandishi anayoyajua mtu na michoro ya kawaida hujitokeza karibu sehemu 170 za elfu za sekunde baada ya jicho kuona, iwe msomaji ni Mchina au Mzungu.

Eneo hilo hufanya nini hasa linapokutana na herufi? Hapa mfano wa kanga utatusaidia. Mama mwenye duka la kanga hahesabu nyuzi. Akitupia jicho vazi, anaona pindo linalozunguka, mji uliopo katikati, na jina lililoandikwa chini ya mji, na kwa mahali sehemu hizo zilipo anajua mara moja kama kilicho mbele yake ni kanga, hata kama ni toleo jipya ambalo hajawahi kuliona. Ukimwonyesha kitambaa ambacho jina limepachikwa juu ya pindo, atakikataa bila kufikiri. Msomaji wa Kichina anafanya hivyo. Mistari ya kalamu ni nyuzi zake. Anavyovitambua kwa haraka ni vipande pamoja na nafasi zake ndani ya mraba.

Ushahidi wake ni wa wazi. Watafiti wakitunga herufi ambazo hazipo katika lugha, lakini zimeundwa kwa vipande halisi vilivyokaa katika nafasi zake za kawaida, wasomaji huchelewa kuzikataa. Vipande vilevile vikiwekwa mahali visipokaa kamwe, hukataliwa haraka. Nafasi ina uzito huo kwa sababu katika Kichina ndiyo inayobeba tofauti. Kipande cha mti, 木, kikikaa juu ya kipande cha mdomo, 口, tunapata 杏, tunda la mjaribosi. Kikikaa chini yake tunapata 呆, kuduwaa. 陪 ni kumsindikiza mtu na 部 ni sehemu au idara, na vipande vinavyoonekana ndani yake ni vilevile, vimebadilishana pande tu. Hata mistari yenyewe hulazimika kuangaliwa inapobidi: 未 na 末 zinatofautiana kwa kuwa mstari wa juu katika ya kwanza ni mfupi kuliko wa chini, na katika ya pili ni mrefu. Ubongo unaoona "mchoro wa jumla" peke yake ungezichanganya kila siku.

Tumefika kwenye dai la pili, kwamba sauti haihusiki. Naliona kuwa ndilo lililoenea hata kwa watu waliosoma sana, kwa sababu linaonekana kuwa na mantiki. Kama alama haijaandikwa kwa sauti zake, kwa nini msomaji ahangaike na sauti? Jibu la majaribio ni kwamba hahangaiki. Sauti inakuja yenyewe, atake asitake. Mwaka 1995 Charles Perfetti na Zhang Sulan waliwaonyesha wasomaji wa Kichina herufi mbili, moja baada ya nyingine, wakiwauliza kama zina maana moja. Swali lilihusu maana tu. Hata hivyo, herufi hizo zilipokuwa na matamshi sawa na maana tofauti, wasomaji walikwama kabla ya kusema hapana. Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2000, lilitumia rangi: mtu anatakiwa kutaja rangi ya wino iliyotumika kuandikia herufi. Herufi 红, nyekundu, ikiandikwa kwa wino wa kijani, msomaji husitasita, kama ambavyo nasi tungesitasita kwa neno "nyekundu" lililoandikwa kwa kijani. Jambo la kuzingatia ni kwamba herufi kama 洪, ambayo maana yake ni mafuriko na haina uhusiano wowote na rangi, nayo huleta mkwamo, kwa sababu tu hutamkwa hóng kama 红.

Tofauti ya kweli iko katika namna sauti inavyofika. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulitamka neno ambalo hajawahi kulisikia, kwa kuunganisha silabi moja baada ya nyingine, kwa kuwa tahajia yetu inafuata sauti kwa uaminifu mkubwa. Waliosoma tenzi za zamani kwa hati za Kiarabu walikuwa na kazi zaidi, kwa sababu hati zile ziliacha sauti nyingi zijazwe na ujuzi wa msomaji. Msomaji wa Kichina yuko mbali zaidi kwenye njia hiyo: sauti ya herufi humjia nzima, silabi kamili pamoja na toni yake, yaani kupanda au kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana, baada ya herufi kutambuliwa, na herufi asiyoijua hawezi kuijenga bali huibashiri kutokana na kipande cha sauti. Ndiyo maana watoto wa China bara huanza kwa kufundishwa pinyin, yaani uandishi wa matamshi kwa herufi za Kilatini ulioidhinishwa mwaka 1958, ambao huwa daraja kati ya lugha wanayoizungumza tayari na herufi wanazokwenda kuzisoma.

Wakati mwingine hata herufi iliyotambuliwa vizuri haitoi sauti moja hadi neno lijulikane. Kichina hakiachi nafasi kati ya maneno, na Wachina wana mfano maarufu wa tatizo hilo: 南京市长江大桥. Ukikata baada ya herufi ya tatu, unapata "Jiji la Nanjing, Daraja Kuu la Mto Yangtze", ambalo ni daraja halisi lililofunguliwa mwaka 1968. Ukikata baada ya ya pili na ya nne, unapata "Meya wa Nanjing, Jiang Daqiao", mtu ambaye hayupo. Herufi ya nne, 长, hutamkwa cháng katika usomaji wa kwanza na zhǎng katika wa pili. Kwa hiyo ubongo hauwezi kumaliza kazi ya herufi kwanza ndipo uanze kazi ya neno; unafanya zote mbili pamoja, na maana inayoanza kujengeka hurudi chini kusaidia kuamua herufi isomweje. Mtu angedhani kwamba kuongeza nafasi kungewarahisishia wasomaji, lakini Bai Xuejun na wenzake walipojaribu mwaka 2008, nafasi zilizowekwa kati ya maneno hazikuwasaidia wala kuwazuia watu wazima, ilhali nafasi zilizowekwa kati ya kila herufi ziliwapunguzia kasi. Jambo hilo linatuambia kwamba neno ni kitu halisi ndani ya ubongo hata pale ambapo karatasi hailionyeshi.

Dai la nusu ya kulia lina asili yake, na ni haki kulieleza kabla ya kulikosoa. Kitu kilicho upande wa kushoto wa pale unapotazama huingia kwanza katika nusu ya kulia ya ubongo, na kilicho upande wa kulia huingia katika nusu ya kushoto. Mwaka 1979 Ovid Tzeng na wenzake walichapisha majaribio waliyoonyesha herufi kwa muda mfupi sana upande mmoja au mwingine. Herufi mojamoja zilitambuliwa vizuri zaidi zilipoonyeshwa kushoto, jambo lililoashiria nusu ya kulia ya ubongo. Nusu hiyo ya habari ndiyo iliyoenea duniani. Nusu ya pili, iliyokuwa ndani ya jaribio hilohilo, haikupata bahati hiyo: maneno ya herufi mbili yalitambuliwa vizuri zaidi upande wa kulia, yaani kwa nusu ya kushoto ya ubongo. Pale ambapo msomaji alikabiliwa na maandishi yanayofanana na yale anayokutana nayo katika kusoma kwa kweli, kushoto ndiko kulikoongoza.

Wagonjwa wanasema hivyohivyo. Mwaka 1938 madaktari nchini China walieleza habari za mtu aliyekuwa na uvimbe sehemu ya nyuma ya nusu ya kushoto ya ubongo, ambaye uwezo wake wa kusoma uliharibika katika Kichina na katika Kiingereza. Nchini Japani, ambako herufi zenye asili ya Kichina hutumika sambamba na alama za silabi, wameelezwa wagonjwa walioumia sehemu ya chini ya nyuma upande wa kushoto na kupoteza hasa uwezo wa kusoma na kuandika zile herufi zenye asili ya Kichina. Kama zingekuwa zinasomwa kulia, jeraha la kushoto lisingezigusa.

Kilicho kweli katika dai hilo ni kidogo, lakini kipo. Picha za ubongo zinaonyesha mara kwa mara kwamba msomaji wa Kichina huamsha sehemu za kuona za pande zote mbili, na kwamba upande wa kulia huchangia zaidi kuliko kwa msomaji wa herufi za Kilatini. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mraba uliojaa vipande, juu, chini na pembeni, unadai kazi kubwa zaidi ya kupima nafasi na mpangilio, kazi ambayo upande wa kulia una ustadi nayo. Kuchangia si kuongoza, na tofauti hiyo ndiyo inayopotea kila habari inapopita mdomo hadi mdomo.

Sehemu inayonivutia kuliko zote katika utafiti huu ni ile inayohusu mkono. Wasomaji wa Kichina wanapotazama herufi tu, bila kalamu na bila kusogeza kidole, huonyesha uamsho mkubwa katika eneo lililo mbele, katikati ya paji upande wa kushoto. Eneo hilo liko jirani na mahali ambapo Sigmund Exner alipahusisha na uandishi tangu mwaka 1881. Tafsiri ya watafiti wengi ni kwamba herufi haikai kichwani kama umbo tu. Inakaa pia kama mfululizo wa miondoko. Mtoto wa Kichina huinakili herufi mara nyingi, na kila mara kwa utaratibu usiobadilika: juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, mstari wa mlalo kabla ya ule wa wima unaoukata. Mwaka 2005 Tan Li Hai na wenzake walionyesha kwamba uwezo wa watoto wa Beijing wa kusoma unaambatana kwa nguvu na uwezo wao wa kuandika.

Hapa pia iliwahi kuonekana kwamba tumepata ubongo wa Kichina ulio tofauti na wa wengine. Mwaka 2004 kundi la Siok, Perfetti, Jin na Tan liliripoti kwamba watoto wa Kichina wenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma usiotokana na ukosefu wa akili au wa mafunzo, walikuwa na upungufu katika eneo hilo la mbele na si katika maeneo ya nyuma yanayotajwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani. Habari hiyo ilitangazwa sana. Mwaka 2010 utafiti mwingine uliwaweka watoto Wachina na Waingereza wenye disleksia katika jaribio la aina moja, ukakuta upungufu unaofanana kwa makundi yote mawili. Mwaka 2012 Kimihiro Nakamura, Dehaene na wenzao walilinganisha wasomaji Wafaransa na Wachina, wakaona kwamba wote wanatumia mifumo miwili, wa kutambua umbo kwa jicho na wa kutambua mwondoko wa mkono, na kwamba utamaduni wa maandishi hubadilisha uzito wa kila mfumo tu. Mimi naegemea matokeo haya ya baadaye, kwa kuwa yanalinganisha makundi kwa kazi moja badala ya kulinganisha jaribio la nchi hii na jaribio la nchi ile.

Mchango wa mkono unaeleza pia jambo ambalo Wachina wenyewe hulilalamikia tangu simu na kompyuta zienee. Mtu mzima aliyesoma anashika kalamu kuandika neno la kawaida, kama chafya, na herufi ya pili ya neno hilo, 嚏, inakataa kuja, ingawa akiiona imeandikwa anaisoma bila shida. Kwenye simu huandika matamshi kwa pinyin, kisha huchagua herufi kutoka orodha inayojitokeza, kwa hiyo ubongo hudaiwa kutambua na haudaiwi kuijenga herufi upya. Kutambua kunahitaji vipande vya kutosha kuitofautisha herufi na jirani zake. Kuandika kunahitaji kila mstari. Kwa watu wazima huo ni usumbufu tu. Kwa watoto wasiwasi ni mkubwa zaidi, kwa sababu utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na kundi la Tan, uliohusisha maelfu ya wanafunzi wa shule za msingi za China, ulikuta kwamba waliotumia zaidi uandishi wa pinyin kwenye vifaa vya kidijitali walikuwa na alama za chini zaidi za kusoma. Uhusiano wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kifaa ndicho kilichosababisha, lakini unakwenda sambamba na yale tuliyokwisha kuyaona kuhusu mkono.

Je, haya yanamhusu vipi mtu mzima anayejifunza Kichina akiwa Mombasa, Dodoma au Bujumbura, ambaye ubongo wake umezoea kuunganisha silabi? Yanamhusu moja kwa moja. Eneo la umbo la maandishi analo tayari, na liko mahali pale lilipo kwa Mchina. Anachokosa ni vipande na nafasi zake. Kozi inayomlundikia herufi bila kumtajia vipande vyake inamnyima kile ambacho ubongo hukitafuta kwanza. Hana haja ya kukariri kwa mpigo vipande vyote 214 vilivyotumika kupangia kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716, kwani vingi havionekani mara kwa mara, lakini kipande cha maji, cha mdomo, cha mti, cha mkono au cha mwanamke akikijua mapema atakutana nacho kila ukurasa.

Kuhusu kalamu, upo utafiti wa mwaka 2011 uliofanywa na Connie Guan, Perfetti na wenzao kwa watu wazima waliokuwa wakijifunza Kichina kama lugha ya kigeni. Walipojifunza herufi kwa kuziandika kwa mkono, walizitambua vizuri zaidi na kuziunganisha vizuri zaidi na maana zake. Walipojifunza kwa kuchapa pinyin, walinufaika zaidi upande wa matamshi. Mwanafunzi aliyeacha kabisa daftari na kubaki na programu ya simu amechagua faida moja kati ya hizo mbili, na mara nyingi hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa anachagua.